Mama Aliyetoka Vitshumbi

Kwa anayeanza kutufuata leo, habari yenyewe ni hii kwa ufupi.

Charline Kavira na Ruffin Balagizi waliacha kazi zao kwenye kituo cha televisheni hapa Goma, wakaungana, wakaanzisha nyumba yao wenyewe ya kutengeneza sinema. Wakaiita Jiwe Jeusi, kwa sababu chumba chao cha mbao kimesimama juu ya mawe ya volkano, na kila aliyewacheka aliwaambia kwamba juu ya mawe yale hakiwezi kuota kitu.

Kikaota. Ikatoka tamthilia yao, "Mpangaji", ambayo watu wa mtaa wa Majengo waliitazama kwenye simu huku sahani ya ugali iko magotini. Ni habari ya kijana aliyepotea utotoni, akarudi kwenye nyumba ya wazazi wake kama mpangaji bila wao kumjua. Aliyemcheza kijana huyo ni Byiringiro, fundi wa pikipiki, mtu ambaye hakuwahi kusimama mbele ya kamera. Yeye mwenyewe alilelewa katika kituo cha yatima, na hata jina alipewa hukohuko.

Halafu akaja Mama Nyiramahirwe kutoka Kiwanja. Alikuwa ameuona uso wa Byiringiro kwenye simu ya jirani, akasema huyu ni Mahoro, mtoto aliyemponyoka mkononi siku watu walipokimbia vita. Wakakutanishwa mbele ya kamera. Mama akaanza wimbo aliokuwa akimbembelezea mwanawe, sauti ikamkwama katikati, na Byiringiro akaumalizia. Baada ya hapo nani angebisha? Jiwe Jeusi waliitoa picha ile, na mji mzima ukalia.

Tuliishia pale Ruffin alipoingia kwenye chumba cha kuunganishia picha, akaufunga mlango kwa mgongo, akamwambia Charline:

"Kuko mama mwengine inje. Anasema Byiringiro ni mutoto yake."

Charline hakugeuza hata kichwa. Tangu picha ile itoke walikuwa wamekuja akina mama wengi, na mababa pia. Mmoja alikuwa mdogo kuliko Byiringiro mwenyewe. Mwingine, alipoambiwa kijana ameshapata kwao, alimtazama Ruffin toka juu mpaka chini, akasema basi hata huyu anafaa.

"Mupe chai, umuambie pole," Charline alisema.

"Huyu umusikilize weye mwenyewe," Ruffin akajibu, na sauti yake haikuwa na mzaha.

Mwanamke aliyekuwa akingoja alikaa kwenye ncha ya kiti kama mtu aliye hospitali, kifurushi chake mapajani. Nguo zake zilinuka samaki wa kukaushwa. Akasimama, akamsalimu Charline kwa Kinande. Alikuwa ameshauliza njiani jina la Charline, na Kavira ni jina la Wanande.

Charline akamjibu kwa Kiswahili. Alitaka Ruffin asikie. Alitaka pia isije ikasemwa baadaye kwamba waliongea lugha yao wakaficha mambo.

"Naitwa Olive," mama akasema. "Natoka Vitshumbi. Sikuje kugombana na mutu. Ule mama mwenye analia mu picha, mi namuhurumia. Mi vilevile nililia vile."

"Ulipoteza mutoto, mama?"

"Wa pili wangu, Kambale. Nilimutuma na mudogo wangu wa kike, bapeleke samaki ku soko ya Kiwanja. Siku ile ile masasi ya vita ikaanza. Mudogo wangu tulimuzika. Mutoto hatukumuona, hata nguo yake."

Ruffin alikohoa. "Mama, batoto benye walipotea siku zile ni wengi. Nini inakuonyesha kama ni huyu?"

"Sina picha. Nyumba yetu iliungua." Mama Olive akatafuta kichwani. "Alikuwaka mwoga. Kwetu kuko yale mandege makubwa, haina nywele ku kichwa, inatembea katikati ya batu kama vile nayo ni batu, inaokota matumbo ya samaki. Kambale alikuwa mufupi kuyapita. Ikikaribia, anaingia ndani ya kikwembe changu, anashika muguu. Mi nilikuwa natembea naye vile, nafukuza mandege na kasia, yeye amefungwa mu nguo kama mwizi."

Alitabasamu kidogo, halafu tabasamu likaondoka.

Charline aliwahi kuwasikia ndege hao.

Siku walipomjaribu Byiringiro kwa mara ya kwanza, kabla hajapewa nafasi, Charline alimwambia asiigize kitu. Amwambie tu kumbukumbu yake ya kwanza kabisa. Kijana alifikiri sana. Akasema anakumbuka giza la nguo, na mguu wa mtu, na nje ya nguo ndege wakubwa kumpita yeye, na mwanamke anawatukana. Akasema hajui kama ni kweli au aliota. Charline aliyasikia maneno yale ndani ya kaske, vipokea sauti alivyovaa masikioni, na ndiyo yaliyomfanya amchague.

Ruffin alikuwa pale, ameshika taa.

Wakatazamana. Kila mmoja akaona kwamba mwenzake amekumbuka.

"Mama, utungoje kidogo," Ruffin akasema, akamshika Charline mkono, wakatoka nyuma ya chumba, kwenye mawe.

"Hukusikia kitu," Ruffin akamwambia.

"Nimesikia. Na weye umesikia."

"Charline, nisikilize vizuri. Siku ya yenga, hii Jumapili, familia ya Mama Nyiramahirwe inatoka Kiwanja kuja kupokea mutoto. Ng'ombe iko tayari. Balituomba tupige picha, nikasema ndiyo. Leo niende kuwaambia nini? Kama tulikosea mutoto?"

"Kama tulikosea, tulikosea."

"Weye ni Munande. Ule mama ndani ni Munande. Mama Nyiramahirwe anasema Kinyarwanda. Kesho haitakuwa tena habari ya mama mbili na mutoto moja. Batasema Charline alinyang'anya mutoto wa wengine akamupa batu bake. Unajua mu huu mji maneno kama hiyo inaishiaka wapi."

Charline alijua. Kila mtu Goma anajua.

"Na tukinyamaza?"

"Tukinyamaza, tunapumua."

"Mpaka lini?"

Ruffin alinyosha mkono kuelekea mji, kama mtu anayemwonyesha mgeni nyumba yake. "Kama uko na pahali pa kukimbilia, nionyeshe. Ndege haishuke. Njia ya Butembo unaijua vile iko. Ukivuka mpaka, ng'ambo utalala kwa nani? Tuko hapa, Charline. Kila mwenye tutakosea, tutakutana naye ku maji kesho asubuhi. Mi nitamuambia huyu mama arudi kwake, mutoto haiko wake."

"Utaweza kumuangalia mu macho?"

"Sitamuangalia."

Walikuwa wamefanya kazi pamoja kwa njaa na kwa shibe, wamebeba vifaa mgongoni mvua ikinyesha, wamelala kwenye chumba kimoja na kamera kama na mtoto mchanga. Charline hakuwahi kumwogopa Ruffin. Siku ile alimwogopa, kwa sababu alichokuwa akikisema kilikuwa na akili.

"Usimuambie kitu," alisema. "Mupe chai. Niende kwanza kumuona Byiringiro. Yeye njo mwenye anapaswa kuamua. Nikirudi, tutasema naye sisi wote wawili."

"Sawa."

"Uape."

"Nimesema sawa."

Byiringiro alikuwa amepanga nyumba Majengo, vyumba viwili vya mbao na kiwanja cha mawe nyuma, alipotengenezea pikipiki. Tangu mama yake apatikane, chumba kimoja kilikuwa cha mama.

Charline alimkuta Mama Nyiramahirwe mbele ya nyumba, ungo wa maharage mapajani. Alikuwa amenenepa kidogo. Alipokuja kutoka Kiwanja mara ya kwanza alikuwa kama mti uliopigwa na radi.

"Binti yangu," mama akasema, akataka kusimama.

"Kaa tu, mama. Umelala muzuri?"

"Nalala. Njo nilitaka kukuambia. Zamani nilikuwa nikifika kila pahali naangalia batoto ya batu ku masikio, ku vidole, mupaka batu bananifukuza, banasema huyu mama ni muchawi. Sasa napita mu soko, siangalie mutu. Naangalia nyanya." Akacheka, akafuta macho kwa nyuma ya mkono. "Nyinyi njo mulinifanyia vile. Siku ya yenga nitakukalisha pembeni yangu, mbele ya ndugu zangu wote."

Charline akauliza tu Byiringiro yuko wapi.

"Kule nyuma, na pikipiki zake. Umuambie aje kula, mimi hanisikie."

Byiringiro alikuwa amechuchumaa, mikono myeusi kwa mafuta. Alimwona Charline usoni, akaweka chini spana.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna mutu amekufa. Kuko mama alikuja leo. Kutoka Vitshumbi."

Akamweleza. Alijaribu kueleza polepole, lakini alipofika kwenye wale ndege, na mguu, na kikwembe, maneno yalimtoka yote kwa pamoja.

Byiringiro alikaa chini, pale pale juu ya mawe.

Halafu akauliza kitu ambacho Charline hakukitegemea.

"Ako na sauti gani?"

"Ya chini. Hasemi mingi."

"Tunafanana?"

"Paji la uso. Na vile munanyamaza."

Kijana akatikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayesomewa kosa analolijua.

"Byiringiro," Charline akasema, "najua inaumiza. Mama mwenye uko naye..."

"Haiko mama yangu. Najua."

"Umejua sasa."

"Nilijua siku ile ile. Mbele ya kamera."

Upande wa mbele wa nyumba maharage yalisikika yakichezwa kwenye ungo.

"Wimbo uliumaliza," Charline akasema. "Uliujua wote."

"Ni Mahoro alinifundisha."

Alisema bila kumtazama. "Tulikuwa naye ku kituo. Tulifikishwa mu gari moja, tukalala ku mukeka moja. Alikuwa ananipita umri kidogo. Mi nilikuwa nalia usiku, anasema, tulia nikuimbie ya mama yangu. Anaimba. Anasema mama yake ako na alama ya moto ku mukono, na siku moja atakuja, atatuchukua wote wawili." Akaokota kijiwe. "Kipindupindu kikaingia. Balimutoa asubuhi. Mi nilibaki na mukeka."

Charline aliegemea ukuta.

"Siku alikuja na alama yake ku mukono, akaanza ule wimbo, niliona ni yeye. Mama wa Mahoro, mwenye tulikuwa tunamungoja."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka kusema. Nikakuangalia." Sasa alimtazama. "Weye ukaniambia kwa sauti ndogo, mukumbatie. Nikamukumbatia. Nilifikiri tukimaliza utasema kata, tutamuita pembeni, tutamuambia pole pole. Hukukata. Akaendelea kulia, akanishika, anasema Mahoro, Mahoro. Na batu wote walikuwa wanalia. Kisha ikawa imetoka, mu simu ya kila mutu. Ningemuambia lini?"

Hakuna lawama iliyokuwa katika sauti yake. Hilo ndilo lililomchoma Charline zaidi. Alikumbuka mkono wake mwenyewe siku ile, jinsi ulivyoisogeza kamera karibu zaidi kwa furaha, jinsi alivyosema moyoni kwamba hapa Jiwe Jeusi imepona.

"Sasa utafanya nini?" akauliza.

"Nikienda kwa mama yangu, huyu hapa atauliza Mahoro wake iko wapi. Nitamuambia. Atamupoteza mara ya pili, na safari hii hatakuwa na kitu ya kungoja. Nikibaki, mama yangu atarudi Vitshumbi hivi hivi." Alichukua spana, akaiweka tena. "Na sijasema hata mambo ya kabila. Ku karakana njo banataniaka, ati sasa nimejulikana mi ni wa nani. Niwaambie nini, nimegeuka?"

"Tutawaambia kweli. Mimi na Ruffin. Tulikosea sisi."

"Weye utamuambia?" Akaelekeza kidevu mbele ya nyumba. "Enda. Ako pale na ungo wake. Mi nitakufuata."

Charline alipiga hatua moja. Akasimama. Kupitia mwanya kati ya mbao alimwona Mama Nyiramahirwe akiinua punje moja ya maharage kwenye mwanga, akiitazama, akiitupa. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Alikuwa akiimba.

Akarudi.

"Umeona," Byiringiro akasema.

Hapo simu ya Charline ikalia. Ilikuwa Ruffin.

"Imeisha," akasema, kama mtu aliyetua mzigo. "Usikasirike. Nilimuambia."

"Ulimuambia nini?"

"Kama mutoto haiko wake, kama tuliuliza kila kitu. Hakulia hata kidogo. Alinishukuru. Akasema basi atalala kwa mudogo wake wa kike, hapa Majengo, kesho anarudi. Nilimutafutia pikipiki mi mwenyewe."

"Ulisema sawa, Ruffin."

"Ungefika hapa ungeshindwa. Ninakujua."

Charline alikuwa karibu kuikata simu. Halafu kitu kikamgonga kichwani.

"Umesema mudogo wake?"

"Njo vile alisema."

"Ruffin, mudogo wake walimuzika. Alituambia."

Kisha Ruffin akasema, taratibu sana, "Muendesha pikipiki alimuuliza Majengo gani. Sikusikia alimujibu nini."

Hakukuwa na haja ya kusikia. Majengo nzima ilijua nyumba ya yule kijana wa sinema. Hata mtoto wa kunyonya angekuonyesha.

Charline alishusha simu. Ungo ulikuwa umenyamaza. Mbele ya nyumba sasa zilisikika sauti mbili.

"Karibu, mama, karibu," Mama Nyiramahirwe alikuwa akisema. "Usikae ku jua. Shika hiki kiti. Umetoka mbali?"

"Mbali kidogo."

Byiringiro aliinuka. Sauti ile ya chini ilikuwa imemwingia masikioni kwa mara ya kwanza tangu utoto wake. Charline alimwona akifunga macho.

"Usiende," akamnong'oneza. "Toka huku nyuma, pita kwa jirani. Nipe muda."

"Muda wa nini?"

Kuizunguka nyumba kulikuwa na ukuta wa mawe, na juu yake majirani walikuwa wamekaa wakitazama, kama kila siku, wakitegemea kuona kama leo kuna picha inapigwa.

"Byiringiro," Mama Nyiramahirwe akaita. Siku hizi alimwita kwa jina hilo mbele ya wageni, na Mahoro wakiwa peke yao. "Njoo, mutoto. Kuja usalimie."

Wakatokea wote wawili kwa pamoja, Charline nyuma.

Mama Olive alikuwa amekaa kwenye kiti cha chini, na nusu ya maharage ilikuwa imehamia kwenye kikwembe chake. Alikuwa akisaidia kuchambua. Aliinua macho. Alimtazama kijana kuanzia miguuni, akapanda polepole, kana kwamba akifika usoni haraka kitu kitavunjika. Mikono yake iliendelea kuchambua yenyewe.

Hata jina la Kambale hakulisema.

"Huyu mama anatoka Vitshumbi," Mama Nyiramahirwe akaeleza, na uso wake ulikuwa umejaa huruma. "Naye alipotezaka mutoto, siku ile ile yangu, Kiwanja pale pale. Alituona mu simu. Amekuja kuniuliza vile nilifanya nikakupata, ili naye atafute." Akamgeukia mgeni, akamshika goti. "Mi nilimuambia, usichoke, mama yangu. Mi nilikuwa nimeisha kuchoka, na angalia."

"Naangalia," Mama Olive akasema.

Charline alitafuta neno lolote, hata la uongo, la kumwondoa kijana pale.

"Sasa, mutoto," Mama Nyiramahirwe akaendelea, "mimi maneno yangu nimemuambia. Inabakia yako. Umuambie vile ulijua mu roho kama mi njo mama yako. Itamupa nguvu."

Jirani mmoja juu ya ukuta akawanyamazisha wenzake.

Byiringiro alipangusa mikono kwenye suruali. Akapiga magoti juu ya mawe, katikati ya viti viwili, kama mtoto aliyefundishwa vizuri. Halafu akafungua mdomo.

"Mama," akasema.

Wakaitika wote wawili.